MARGARET RUTHERFORD: MAMA ALIYECHEKESHA BILA KUCHEKA



Katika namba hii ya gazeti letu tunataka kuwaeleza maisha na kazi ya mama mmoja wa Uingereza, jina lake Margaret Rutherford. Alizaliwa mwaka 1892, akafa mwaka 1972. Alikuwa mchezaji wa teatre na wa sinema, na kazi yake ilikuwa kuchekesha watu. Wengine kati yenu watauliza: juu ya nini kusoma habari za mama wa kuchekesha, wakati egzamen ya Leta inakaribia? Jibu letu ni hili: katika maisha ya huyu mama kuna jambo moja tunalolihitaji sana hapa shuleni, nalo ni tofauti kati ya kuchekesha na kuchekwa. Watu wengi wanawaza kama ni kitu kimoja. Sivyo hata kidogo.

1. Alikuwa mchezaji wa namna gani?

Katika michezo mingi ya teatre kuna wachezaji wa namna mbili. Wa kwanza ni kijana mzuri na msichana mzuri wanaopendana, na mchezo mzima unawafuata wao. Wa pili ni watu wa pembeni: shangazi, mpishi, mwalimu mkali, jirani mwenye kelele, daktari anayesahau miwani yake. Waingereza wana jina maalum kwa mtu anayecheza watu wa namna hii ya pili. Sisi tumwite mchezaji wa tabia, maana kazi yake si kuonyesha uzuri wa uso, ila kuonyesha tabia ya mtu. Anaingia, anasema maneno yake machache, anatoka. Lakini akifanya kazi vizuri, watu wanarudi nyumbani wakimkumbuka yeye, na majina ya wale wapenzi wawili wamekwisha kuyasahau.

Margaret Rutherford alikuwa mmoja wa wachezaji wa tabia wakubwa kabisa wa Uingereza. Alikuwa mnene, mwenye mashavu ya kulegea na kidevu kikubwa. Kwa kawaida msichana mwenye uso kama ule angeambiwa akae nyumbani, teatre si fasi yake. Kumbe uso ule ule ndio uliokuja kuwa chombo chake cha kazi. Kenneth Tynan, mwandishi mkali aliyekuwa akihukumu michezo ya teatre katika magazeti ya London, alisema kwamba huyu mama aliweza kuigiza kwa kidevu peke yake.

2. Jamaa yake

Hapa mambo ni mazito, na tunaomba msomaji asome kwa upole.

Babu yake, Julius Benn, alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti, wa kanisa la Congregational. Mtoto wake William alioa mwaka 1882, na nyuma ya muda mfupi tu alishikwa na ugonjwa wa akili. Mwaka 1883 mchungaji alimchukua mwana wake mpaka Matlock, katika jimbo la Derbyshire, ili apumzike na kupata hewa nzuri. Huko, katika kuchanganyikiwa kwake, William alimpiga baba yake kichwani, akamwua. Waganga waliona kwamba hakuwa na akili timamu, basi akafungwa Broadmoor, hospitali ya watu waliofanya mabaya kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Mwaka 1890 walimruhusu atoke. Alirudi kwa mke wake, akaacha jina la Benn ambalo magazeti yalikuwa yamelitangaza, akashika jina la Rutherford, ambalo lilikuwa moja la majina yake tangu zamani.

Margaret alizaliwa tarehe 11 Mei 1892, huko Balham, kusini ya London. Hakuwa na ndugu wala dada. Wazazi walihamia India pamoja naye angali mtoto mchanga. Huko mama yake alijiua. Margaret alikuwa na miaka mitatu hivi aliporudishwa Uingereza kwa mama mdogo wake, Bessie Nicholson, aliyekaa Wimbledon. Yule ndiye aliyemlea kwa upendo mpaka akawa mtu mzima.

Mtoto aliambiwa kwamba baba yake pia amekufa. Lakini alipokuwa na miaka kama 12 alipata kujua ukweli: baba yake alikuwa hai, tena alikuwa amerudishwa Broadmoor. Yule baba alikufa mwaka 1921. Toka siku ile aliyojua, Margaret aliishi na hofu moja, kwamba ugonjwa ule utamfikia naye. Na kweli, katika maisha yake yote alipitia vipindi vya huzuni kubwa sana, hata akalazwa hospitali mara kwa mara. Wakati alipokuwa hai mambo hayo hayakusemwa mbele ya watu. Yalielezwa wazi nyuma ya kufa kwake.

Tunaandika hayo juu ya nini? Si kwa kufunua aibu ya marehemu. Tunaandika kwa sababu kwetu pia, mtu akipata ugonjwa wa akili katika jamaa, wengine wanasema karogwa, wengine wanamficha chumba cha nyuma, na watoto wa nyumba ile wanachekwa njiani wakienda masomo. Mtoto hakuchagua baba. Margaret hakuchagua. Alichoweza kuchagua ni kazi tu, na kazi yake aliifanya sana.

3. Alianza na miaka 33

Tangu utoto alipenda teatre, lakini njia haikufunguka. Alijifunza piano, kisha akawa mwalimu wa piano na wa namna ya kusema vizuri. Miaka mingi alifundisha watoto wa watu. Ilikuwa kazi ya heshima, lakini moyo wake ulikuwa fasi nyingine.

Mama mdogo wake alipokufa alimwachia feza kidogo. Basi mwaka 1925 Margaret aliingia kama mwanafunzi katika teatre ya Old Vic, mjini London. Alikuwa na miaka 33. Wenzake wengi walikuwa vijana wa miaka kama yetu. Wasomaji mnaosikitika kwa sababu mmerudia klasi mara moja au mbili, hesabuni vizuri: yeye alianza klasi yake ya kwanza ya teatre wakati wengine wa umri wake walikuwa na watoto wakubwa.

Tena hakupanda juu mara moja. Old Vic haikumshika, akarudi kwanza kufundisha piano. Kisha akapata kazi katika teatre ndogo za mikoani. Katika teatre za namna ile mchezo mpya ulitayarishwa karibu kila juma: usiku mnacheza mmoja, mchana mnajifunza mwingine. Iko kazi ya kuchosha, lakini ni shule kubwa kabisa, maana mtu anacheza leo mfalme, kesho mwizi. Huko Oxford, mwaka 1930, alikutana na mchezaji mwenzake aitwaye Stringer Davis. Walipendana, lakini mama wa Stringer hakutaka ndoa ile. Walingoja miaka kumi na mitano! Walioana mwaka 1945, nyuma ya kufa kwa yule mama. Margaret alikuwa na miaka 52.

Jina lake lilianza kusikiwa kweli mwaka 1938, katika mchezo ulioitwa Spring Meeting, alipocheza mama mmoja mzee anayependa kubeti katika mashindano ya farasi kwa siri. Mwaka 1939 alicheza Miss Prism katika mchezo wa Oscar Wilde, The Importance of Being Earnest. Miss Prism ni mwalimu wa nyumbani ambaye, siku moja zamani, kwa kusahau, alitia kitabu alichoandika ndani ya kigari cha mtoto, na mtoto akamtia ndani ya mfuko wa safari, akauacha stesheni. Mchezo huo uliingia sinema mwaka 1952, naye akacheza Miss Prism tena.

4. Mama Arcati na wakati wa vita

Mwaka 1941 Uingereza ilikuwa katika vita, na mabomu ya Ujerumani yalikuwa yameanguka usiku kwa usiku juu ya London. Wakati ule mwandishi Noël Coward alileta mchezo wa kuchekesha juu ya mizimu, Blithe Spirit. Wengine waliwaza kama haifai kucheka habari za wafu wakati watu wanakufa. Lakini watu wenyewe waliingia kwa wingi, na mchezo ule ulichezwa London mara 1,997.

Habari ni hii. Mwandishi mmoja tajiri anataka kuandika kitabu juu ya watu wadanganyifu wanaosema wanaita roho za wafu. Basi anamwalika kwa chakula cha jioni mama Arcati, anayefanya kazi ile kijijini. Mwandishi na rafiki zake wamejitayarisha kumcheka kwa siri. Kumbe, mama Arcati akianza kazi yake, roho ya mke wa kwanza wa yule mwandishi inakuja kweli, na inakaa nyumbani pamoja na mke wa pili! Waliotaka kucheka ndio wanaotaabika.

Margaret Rutherford ndiye aliyekuwa mama Arcati wa kwanza, akamcheza tena katika filimu ya mwaka 1945 iliyoongozwa na David Lean. Mwanzoni alikuwa na wasiwasi juu ya nafasi ile, maana hakutaka kuwadharau watu wanaoamini mambo hayo. Kwa hiyo alimcheza kama mama wa kazi, mwenye bidii, anayepanda baiskeli mpaka fasi ya kazi, anayejitayarisha sawa vile fundi anavyopanga vyombo vyake. Hakumcheza kama mjinga. Na ndiyo sababu watu walicheka mpaka machozi.

5. Siri ya kazi yake

Tumefika kwenye moyo wa habari yetu. Watu wanacheka nini?

Mchezaji asiyejua kazi anataka kuchekesha, basi anakunja uso, anaanguka makusudi, anabadilisha sauti, na yeye mwenyewe anacheka mbele ya watu. Tunacheka kidogo, kisha tunachoka. Margaret alifanya kinyume. Mtu aliyemcheza hakujua hata kidogo kwamba anachekesha. Kwa mama Arcati, kuita roho ni kazi ya maana. Kwa Miss Prism, kitabu chake kilichopotea ni msiba wa kweli. Mchezaji anamheshimu mtu wake, anasimama upande wake, anamtetea mpaka mwisho. Kicheko kinatoka katika tofauti iliyopo kati ya uzito wa moyo wa yule mtu na udogo wa mambo yanayomsumbua. Na kwa kuwa kila mmoja wetu ana mambo madogo anayoyabeba kama milima, tunajiona wenyewe ndani yake. Hapo tunacheka pamoja naye, hatumcheki yeye.

Mfano mzuri kwa watu wa shule kama sisi ni The Happiest Days of Your Life, mchezo wa teatre wa mwaka 1948 uliokuwa filimu mwaka 1950. Biro moja ya serikali inakosea karatasi, inatuma shule nzima ya wasichana kukaa ndani ya shule ya wavulana. Margaret ni Miss Whitchurch, prefe wa wasichana. Prefe wa wavulana ni Alastair Sim, mchezaji mwingine mkubwa wa tabia. Hawa wakubwa wawili wanagombania vyumba vya kulala, jikoni, na klasi. Halafu siku moja wazazi wa wasichana wanakuja kutembelea, na saa ile ile wageni wakubwa wanakuja kuangalia shule ya wavulana. Wazazi wasione mvulana hata mmoja, na wageni wale wasione msichana hata mmoja! Basi wanafunzi wanakimbizwa toka chumba mpaka chumba kwa kufuata saa, na walimu jasho linawatoka.

Anayekaa internati kama sisi anaelewa bila kuelezwa. Lakini mwangalieni Miss Whitchurch: hata mara moja haoni kama mambo yale yanachekesha. Anachunga heshima ya wasichana wake kama jemadari anayechunga mji. Angalicheka mara moja tu, filimu yote ingalianguka.

Sasa turudi hapa kwetu. Wakati kundi la teatre linapogawanya nafasi, kila msichana anataka kuwa bibi arusi, na kila kijana anataka kuwa mkubwa au askari. Nafasi ya mama mzee mwenye fimbo inabaki mezani. Mwisho anapewa yule ambaye wengine wanamcheka kila siku: yule mnene, au mwenye kigugumizi, au aliyetoka kijijini na kusema Kifaransa cha kuvunjikavunjika. Hapo si teatre tena. Ni kumsimamisha mwenzetu mbele ya wazazi ili acheke kila mtu. Yeye mwenyewe anajua, na usiku katika chumba cha kulala anakaa kimya. Sisi makapita tunawaomba walimu na wenzetu wa kundi: nafasi ile ni ngumu kuliko ya bibi arusi. Apewe mtu anayeipenda, na anayeijua, na afundishwe vizuri. Kama ni yule mnene, iwe kwa sababu ni mchezaji mzuri.

6. Miss Marple, na heshima za mwisho

Mwaka 1949 alicheza professa wa historia katika filimu Passport to Pimlico. Bomu la zamani linapasuka katika mtaa mmoja wa London, na ndani ya shimo wanapata karatasi ya kale inayoonyesha kwamba mtaa ule ni mali ya Burgundy, nchi ya zamani ya Ulaya. Basi watu wa mtaa wanajitenga na Uingereza, wanaweka mpaka na kudai paspoti! Ni professa wetu anayehakikisha kwa furaha kubwa kwamba karatasi ile ni ya kweli.

Lakini kilichompeleka katika nchi nyingi za dunia ni nafasi ya Miss Marple, mama mzee aliyetungwa na mwandishi Agatha Christie. Miss Marple si polisi, ni mama wa kijijini tu, lakini anafunua wauaji. Margaret alimcheza katika filimu nne: Murder, She Said (1961), Murder at the Gallop (1963), Murder Most Foul na Murder Ahoy (zote mbili 1964). Katika ile ya kwanza, Miss Marple yuko ndani ya treni, anaona katika treni nyingine inayopita mtu akimkaba mwanamke shingo. Anawaambia polisi, hawaamini, maana ni mama mzee tu. Basi anaingia kazi ya nyumba ya watu, akifua na kupika, mpaka anapata ukweli mwenyewe. Alikuwa na miaka karibu 70, na katika filimu hizo anapanda farasi, anacheza dansi ya twist, hata anapigana kwa upanga.

Miss Marple wa vitabuni ni mwembamba na mtulivu, basi Agatha Christie hakufurahia sana filimu zile. Hata hivyo, kitabu chake cha mwaka 1962, The Mirror Crack'd from Side to Side, alikitoa kwa heshima ya Margaret Rutherford. Hilo ni jambo la kujifunza pia: mtu anaweza kutokubali kazi, na bado akamheshimu mfanyakazi.

Mwaka 1963 alicheza katika filimu The V.I.P.s, pamoja na Elizabeth Taylor na Richard Burton. Ukungu unafunga kiwanja cha ndege cha London, na wasafiri wakubwa wanalala pale. Margaret ni mama wa ukoo mkubwa aliyeishiwa na feza, anayekwenda Marekani kutafuta kazi ili nyumba ya wazee wake isipotee. Nafasi ilikuwa ndogo, karibu na ile ya wapenzi wakubwa wa filimu. Lakini mwaka 1964 Wamarekani walimpa yeye zawadi ya Oscar ya mchezaji mwanamke wa nafasi ya pili. Alikuwa na miaka 71. Mwaka 1967 Malkia Elizabeth II alimpa cheo cha Dame. Mtoto wa Balham, ambaye jina la ukoo wake lilifichwa kwa aibu, akapewa jina la heshima na nchi nzima.

Mwisho wake haukuwa mwepesi. Ugonjwa wa kusahau ulimshika, akashindwa kukumbuka maneno ya michezo, na mume wake alimtunza. Alikufa tarehe 22 Mei 1972. Stringer Davis alimfuata mwaka 1973.

7. Ukipata kuona filimu yake

Filimu hizi bado zinaonyeshwa, na mwenye bahati anaweza kuzipata. Hapana kuogopa Kiingereza chake cha haraka. Uso wake unaeleza nusu ya maneno. Tunashauri kuangalia mambo matatu.

Kwanza, umwangalie wakati hasemi. Mwingine akisema, yeye anasikiliza kweli, na kidevu kinajibu.

Pili, uhesabu ni mara ngapi anacheka maneno yake mwenyewe.

Tatu, katika zile filimu nne za Miss Marple kuna mzee mmoja mpole, mwenye vitabu, anayemfuata kila fasi na kuogopa kwa niaba yake. Anaitwa Mr Stringer, na katika vitabu vya Agatha Christie hayumo. Ni mume wake wa kweli, yule wa miaka kumi na mitano. Aliongezwa ndani ya habari ili wawe pamoja kazini.

Kwa niaba ya wafinalisti,
Kapita wa Shule, klasi ya sita